Ukoo wa Damu Nyingi

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha hayo nitakayoyafikia mbele. Bado niko masjala, chumba kile kile cha chini chenye dirisha moja linalotazama choo cha watumishi, na bado kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga mhuri wa IMEPOKELEWA na kuzipeleka kwa wanaohusika. Mkuu wangu wa zamani amehamishwa. Aliyekuja hapendi mtu akohoe karibu yake. Msalimie sana Kidoti. Mwambie nimefurahi kusikia ameivuka ile miezi ya kutapika, na kwamba mumewe amekubali akae kwako mpaka ajifungue. Cherehani ya kushona vifungo imetoka kwa fundi, au bado anakuzungusha?

Naandika kwa sababu simu imeshindikana. Nikitamka tu neno hospitali, unasema mtandao mbaya. Kidoti naye kila nikimpigia ni "Muulize mama." Barua angalau huwezi kuikata katikati.

Mwezi uliopita nilitokwa damu puani kazini. Najua utasema hiyo si habari, kwetu nani hatokwi. Lakini safari hii ilidondoka juu ya barua ya mwananchi, ikalowa hadi kwenye meza, nikabana pua, nikainama, haikukata. Mkuu mpya alisimama mlangoni akaniambia, "Wewe nenda hospitali, na hiyo barua usiilete kwangu." Nilikwenda kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Ugonjwa sikuufikiria.

Nikapelekwa kwa daktari wa mishipa ya damu. Pua hata hakuitazama. Alitazama midomo, ulimi na ncha za vidole. Alichukua kipande cha kioo akabonyeza doa jekundu la kidole changu cha shahada, likapotea, akaachia, likarudi. Akauliza, "Nani mwingine kwenu ana haya?" Nikamjibu kama tulivyolelewa: ya kwamba sisi ni ukoo wa damu nyingi, ikizidi inajipunguza yenyewe, na kwamba madoa hayo ndiyo chapa yetu, kwa hayo tunajuana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeuzia karatasi ya kipimo. Shangazi, damu yangu ni pungufu, tena pungufu kiasi kwamba alishangaa napandaje ngazi.

Nitakueleza kama nilivyoelewa, na ukiona nimekosea mahali, kosa ni langu, si la daktari. Ndani ya kila mshipa kuna utando wa chembe hai zilizopangwa kama vigae. Chembe hizo hazijiamulii zikue lini na ziache lini. Huambiwa. Kuna vitu vinazunguka ndani ya damu, vinaitwa vichocheo vya ukuaji, navyo hubeba amri. Kimoja husema: chipueni, toeni matawi. Kingine husema: inatosha, tulieni, kazeni ukuta. Ili amri isikike, chembe lazima iwe na vipokezi, na vipokezi hutengenezwa kwa maelekezo tunayorithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala yangu iliyotoka kwa Baba ina kosa. Kwa hiyo vipokezi vya ile amri ya kutulia ni haba. Kichocheo kipo, kinafika, kinabisha, lakini wa kukipokea hawatoshi. Mimi nilielewa hivi: barua imeandikwa vizuri, imeletwa hadi masjala, na ndani hamna karani. Huku nyuma ile amri ya kuchipua inapiga kelele bila mpinzani. Basi mishipa inaota ovyo na kuungana ovyo. Ule unaotoka moyoni kwa kasi unajiunga moja kwa moja na ule unaorudi, bila ile mishipa myembamba kama nywele ambayo ingepoza kasi hapo katikati. Ukuta unabaki laini. Ikiwa ni puani, chafya moja inaupasua. Madoa yetu ni hiyo hiyo mishipa, imekuja juu ya ngozi.

Pua si tatizo kubwa. Mishipa hiyo huota pia kwenye mapafu, na huko haiumi wala haionekani. Daktari aliniuliza kama kuna mjamzito katika ukoo. Mimba huongeza damu mwilini, na mshipa wa namna hiyo ukijaa unaweza kupasuka ndani ya kifua. Nilipomwambia kuhusu Kidoti aliacha kuandika.

Mtoto wa mwenye kosa hili ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Wewe una madoa. Kidoti alipata jina lake kwa doa la mdomo. Nakuomba kwa adabu zote umpeleke hospitali kubwa wampime kifua. Kuna kipimo kisichomdhuru mtoto. Wanaingiza maji yenye mapovu madogo kwenye mshipa wa mkono, kisha wanautazama moyo kwa mashine ileile wanayotazamia wajawazito. Mapovu yakivuka hadi upande yasikotakiwa kufika, kuna njia ya mkato kifuani.

Samahani kwa urefu wa barua.

Mwanao,
Karani


2 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa vizuri kama shati jipya. Hapa wote wazima. Ni msimu wa sare za shule, mafundi wangu wawili wananidai usingizi, na cherehani ya vifungo imerudi, ila sasa inapiga kelele kama mtu aliyeona panya. Jirani yetu muuza viatu amehama usiku bila kuaga, kaacha kiatu kimoja kimoja cha kila namba. Kidoti ananenepa. Tena kapata uvivu wa kisasa: ukimkalisha mashineni anahema kama kakimbizwa, akilala chali kwenye meza ya kukatia anasema yuko sawa, hewa inapita. Nimemwambia mimba nimebeba mimi pia, na suruali za jeshi nilishona nimekaa.

Sasa hayo mengine. Nimekusomesha uwe karani, hukusomea udaktari. Bibi yetu alitokwa damu puani mpaka uzee wake na alizikwa na meno yake yote. Mimi nina kitambaa chekundu pembeni ya mashine tangu nianze kushona, ili nisichafue mashati ya watu, na mashati yangu hayajawahi kurudishwa. Huo ni ugonjwa gani unaomwacha mtu ashone? Sisi damu yetu ni nyingi, ndivyo tulivyo. Kliniki walimpa Kidoti vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia aviweke. Mtungi umejaa, unaongeza maji ili iweje?

Unasema eti kosa limetoka kwa baba yako. Angalia kalamu yako. Kaka yangu alikuwa mtu mzima wa afya, akibeba mashine ya chuma peke yake. Alikunywa alichopewa, akalala, akaamka anaona watu wawili wawili. Aliyempa unamjua, maana siku hizi unakula naye meza moja. Sishangai kwamba sasa kuna daktari amepatikana wa kusema ni sisi wenyewe. Huyo mwanamke hana doa hata moja mwilini. Hakuwa wetu na hakuwahi kuwa.

Kula vizuri. Usiinue vitu vizito.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima kiasi. Huku mvua imeanza na maji yanaingia masjala kwa chini ya mlango, tumepandisha mafaili yote juu ya meza na sisi tunafanyia kazi magotini. Salamu zimeishia hapo. Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole mara kadhaa nikaichana. Hii naituma kama ilivyo.

Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba Kidoti akikaa anahema na akilala anapumua. Umeandika kama mzaha. Nilipomsomea daktari sentensi hiyo alisimama. Mtu mwenye mapafu mazima hupumua vizuri zaidi akiwa ameketi. Mwenye mishipa ya mkato chini ya mapafu ni kinyume: akiketi, damu inashuka, inapitia huko huko kwenye mkato bila kuchukua hewa, akilala, inatawanyika na anapata nafuu. Aliniambia, "Huyo dada yako hana uvivu. Anazama." Tafadhali isome hiyo mara mbili. Na mwambie ameze vidonge. Mtungi haujajaa, Shangazi. Mtungi umepasuka, na kwa kuwa mnaona maji sakafuni mnadhani yamezidi.

Sasa Baba.

Umeandika kwamba aliyempa namjua. Yalikuwa maziwa. Nilikuwepo. Nilikuwa darasa la nne, sikuwa mjinga. Baba aling'olewa jino la nyuma. Alirudi na pamba mdomoni akawa anaongea kama mlevi ili tucheke, na wewe ulicheka kuliko wote. Hakuweza kutafuna. Kwa hiyo Mama alimchemshia maziwa, na kesho yake, na siku zilizofuata, kwa kuwa ndicho kilichopita. Baadaye kikaja kichwa, homa, mkono wa kulia ukaacha kushika, maneno yakachanganyika. Ukasema sumu ilikuwa kwenye maziwa.

Nilimweleza daktari yote hayo. Alisema hawezi kuapa kwa mgonjwa ambaye hakumgusa. Lakini alinieleza hivi. Jino liking'olewa, vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu, kwa kila mtu. Kwa wengine huishia mapafuni. Ile mishipa myembamba kama nywele ni chujio. Mwenye mkato hana chujio mahali hapo. Vijidudu vinapita, vinapanda kichwani, vinatunga usaha ndani ya ubongo. Kwa watu wetu, alisema, mtu hupewa dawa kwanza ndipo aguswe jino. Dawa ya kawaida, ipo kila mahali. Hakuna aliyejua kuuliza, kwa sababu tulikuwa tunajisifu.

Mlimtoa Mama nyumbani kabla matanga hayajaisha. Ulimtupia mkoba wake nje ukiwa na nguo zilizolowa kwa kuwa alikuwa anafua. Miaka yote niliyokaa kwako ulinilisha, ulinivisha, ulinisomesha, na sitakaa niseme vinginevyo. Lakini kila mgeni alipokuja ulinishika kidevu ukamwonyesha midomo yangu: "Huyu wetu, mnaona? Hajachukua kitu kwa yule." Nilikuwa naona fahari. Shangazi, ulichokuwa unawaonyesha ni kile kilichomuua baba yangu.

Nina jambo ambalo sikuliandika kwenye barua ya kwanza kwa kuogopa. Mimi nimepimwa. Mapovu yalivuka. Nina mshipa mmoja kwenye pafu la kushoto, na mwezi ujao watauziba. Wanapitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye nyonga mpaka kifuani na kuacha humo waya uliojikunja kama springi, damu inakwama, mkato unafungwa. Kuna na dawa ya kuzuia ile amri ya kuchipua, wanapewa wanaotokwa damu sana kuliko mimi. Naogopa. Kazini nimesema nakwenda kung'oa jino.

Kama unataka kunichukia kwa barua hii, nichukie ukiwa njiani kumpeleka Kidoti.

Karani


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Hujajibu. Simu yako inaita mpaka inakatika, ya Kidoti imezimwa. Nimetoka hospitali, wameuziba, nilikuwa macho wakati wote na nilisikia baridi ikipita kifuani. Nimekatazwa kusafiri kwa sasa, vinginevyo ungenikuta mlangoni kwako na si kwa heri.

Masjala tuna kawaida. Barua ikikaa bila jibu tunaandika ya kukumbusha, kwa lugha laini, "tafadhali rejea barua yetu." Sina lugha laini. Kama Kidoti amekufa, niambie. Kama yu hai na hujampeleka, usiniambie kitu, nitasikia kwa wengine.

Sina la zaidi.

Karani


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko hai sote. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaanza nalo.

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupigia pasi. Ya Kidoti iko kwa mumewe, kaweka laini yake, maana ya kwake iliibiwa. Hii ni kweli, sijitetei.

Barua yako ile ya Machi niliisoma kwa sauti kibandani. Niliigiza sauti yako ya kikarani ili mafundi wacheke. Walicheka. Nilipofika kwenye habari ya kukaa na kulala, Kidoti alikuwa kwenye meza ya kukatia, chali, kajifunika kitambaa cha bitana. Akasema, "Mama, rudia hapo."

Nikamwambia, "Nirudie nini, porojo?"

"Rudia hapo pa kuzama."

Nikarudia. Mafundi wakaacha mashine. Kidoti akasema, "Ndivyo ninavyojisikia. Nilidhani ni mimba." Akakaa ili ashuke mezani, na nikaona midomo yake. Wewe unajua mimi rangi haiwezi kunidanganya, nimechagua vitambaa maisha yangu yote. Ilikuwa ya bluu.

Nikamwambia alale, tutaona kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Nilikuwa na sare za shule nzima, na nilikuwa nimekukasirikia kiasi kwamba nilitaka uwe mwongo. Akaanguka akipiga pasi. Pasi iliunguza shati na mkono wake.

Hospitali kubwa muuguzi alimbana kidole kwa kile kidude chenye taa cha kupimia hewa kwenye damu, akakitikisa akidhani kimeharibika, akanibana mimi. Mimi kikasoma vizuri. Akambana tena yeye. Akaniuliza, "Mama, huyu alikuwa anatembea hivi tangu lini?" Nikamwambia alikuwa halali vizuri. Uongo wa ovyo, maana kulala ndiyo kazi aliyokuwa anaiweza. Kijana mmoja daktari akaanza kunieleza habari za amri na vipokezi. Nikamwambia, "Usijisumbue, nina karani wangu keshanieleza." Akanitazama midomo, akaniuliza kama nami nimepimwa. Nikamwambia ashughulike na aliyelala kitandani.

Ilikuwa miwili, pafu la kulia, mmoja mkubwa. Wamemziba kama ulivyosema, kwa waya, huku wamemfunika tumbo kwa joho zito la kuzuia mionzi. Mtoto anacheza. Kidoti sasa anakaa. Amekaa mashineni jana akanitilia vifungo vya mashati manne, na alikuwa anaongea muda wote bila kuhema, mpaka nikamwambia afadhali ulipokuwa huna pumzi. Vidonge anameza. Na mimi nameza.

Daktari alitaka kujua waliokufa kwenye ukoo na walikufaje. Nilipofika kwa kaka yangu nikataja jino. Hakuuliza habari za maziwa. Alitikisa kichwa akaandika, kama mtu anayeandika kitu anachokijua.

Sasa sikiliza. Kuna mambo inabidi yaandikwe kwa huyo aliyekuzaa. Mimi maneno ya namna hiyo sina, mimi ni mtu wa mkasi. Wewe ni karani, unajua kupanga. Niandikie barua nzuri, ya heshima, isiyo ndefu, uilete hapa nitatia sahihi. Useme yaliyotokea yametokea, na kwamba kila kitu kina wakati wake. Utaona mwenyewe.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie Kidoti, mwambie nimelia nikiwa ofisini na mkuu wangu amenipa ruhusa ya nusu siku, akidhani nimefiwa. Mwambie mtoto akija, aandikwe tangu siku ya kwanza kwamba mama yake ana ugonjwa huu, ili asije akang'olewa jino na mtu asiyejua. Kidonda cha mkono ulioungua kipakwe dawa. Huku hakuna jipya. Mafaili yameshuka kutoka mezani, yana harufu.

Barua hiyo sitaiandika.

Nimefurahi kwamba Kidoti anapumua, nimefurahi kiasi kwamba nilidhani hasira itaisha. Haikuisha. Imepata nafasi ya kukaa. Nimezitandika barua zako mbili kitandani nikazisoma tangu mwanzo. Umemwita Mama "huyo mwanamke," "huyo aliyekuzaa," "aliyempa." Muuza viatu aliyewatoroka umemwita jirani yetu. Mama aliishi nyumba moja na wewe, alikushikia taa ulipokuwa unamzaa Kidoti, na katika barua zako zote hakuna mahali ulipomwita kile alicho kwako.

Unataka niandike kwamba yaliyotokea yametokea. Hayakutokea, Shangazi. Yalifanywa. Mkoba haukuruka wenyewe. Na unataka maneno mazuri yatoke kwenye mkono wangu ili wewe utie sahihi chini, kama unavyotia alama ya chaki kwenye shati alilokata fundi mwingine. Kazi yangu ni kupokea na kupeleka. Nikikuandikia, atakayekuwa ameomba radhi ni mimi, na mimi sikumtoa mtu nyumbani.

Huna haja ya maneno mengi. Kama huna, usitume. Lakini usiniambie huna maneno. Ulikuwa nayo ya kutosha siku ile, mtaa mzima ulisikia.

Jambo la mwisho, nalo si kubwa. Niliandika kwamba nimetoka hospitali na pafu langu limezibwa. Barua yako ya kurasa tatu haikuuliza naendeleaje.

Karani


14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kidoti amejifungua mtoto wa kike, salama, kwenye hospitali kubwa, na madaktari wamejaa chumbani kama wanagombea kumwoa. Ana mapafu ya kuuza. Akilia, cherehani ya vifungo inaona aibu. Nimemkagua midomo nikakuta safi, halafu nikakumbuka kwamba madoa huchelewa. Daktari amesema watampima damu ili wajue mapema, tusingoje kuona. Kidoti amekubali kabla sijafungua mdomo. Siku hizi hanisubiri.

Na mimi nilipimwa. Mapovu hayakuvuka. Kaka yangu alipewa yote, mimi nikaachiwa pua.

Kifua chako kinaendeleaje? Nilipaswa kuuliza. Kila nilipotaka kuuliza niliona nitakuwa nimekubali na mengine yote, nikapitiliza.

Ndani kuna bahasha ndogo. Hiyo si yako, usiisome. Nimeiandika mwenyewe kwenye meza ya kukatia, kwa chaki kwanza juu ya kitambaa, ndipo kwa kalamu. Nimeharibu kitambaa cha kutosha suruali mbili.

Shangazi yako


29 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Kifua changu kinaendelea vizuri, napanda ngazi zote bila kusimama, na mkuu wangu ananituma ghorofa ya juu kila mara kwa kuwa ameona naweza. Pua bado. Nimeanza kuweka kitambaa chekundu kwenye droo ya meza, nimekuiga.

Bahasha nilimpa Mama Jumamosi mchana, alikuwa anatandaza nguo kwenye kamba. Alifuta mikono. Aliifungua akiwa amesimama, na kwa kuwa nilikuwa nimemshikia beseni niliona neno la kwanza kabla hajaigeuza upande wake. Umeandika "Wifi." Mengine sijayaona na sijaomba kuyaona.

Hakulia, kama unataka kujua. Alisoma mpaka chini, akakunja, akatia kwenye mfuko wa gauni, akamaliza kutandaza. Alipomaliza aliniuliza kitu kimoja: "Huyo mtoto wa Kidoti wameshampima?" Nikamwambia bado. Akasema, "Wasimkawize." Halafu akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Alikasirika juu ya nguo zilizolowa ndani ya ule mkoba, kwamba zilivunda njiani, kwamba kulikuwa na gauni alilonunuliwa na Baba na lilioza, na kwamba hakupewa hata nafasi ya kulikausha. Alisema hayo kwa muda mrefu, akitazama kamba. Nimekuandikia kama alivyosema ili usidhani neno moja limefunga kila kitu. Na mimi yangu bado ninayo.

Leo asubuhi ameniambia, "Wewe karani, mjibu shangazi yako. Wewe unajua kupanga maneno."

Nimemjibu nilivyokujibu wewe.

Sasa niko jikoni nakuandikia hii, na yeye amekaa meza ya chumbani na karatasi niliyomletea kutoka kazini. Nimepita nyuma yake kuchukua maji. Ameandika "Wifi," ameweka mkato, na kalamu imesimama hapo. Sijamsaidia.

Mwanao,
Karani